Kutoka Mlola Hata Göttingen

Husemwa kuwa safari humpa mtu macho ya pili. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini halituambii kuwa macho hayo hukawia kufumbuka, wala kuwa aghalabu mtu hufumbuliwa na mwingine. Kijana ambaye habari zake ni hizi alikaa Ulaya miaka miwili na ushei akadhani kuwa amekwisha kuiona. Aliijua kwa majina ya vituo vya reli na kwa bei ya mikate. Kuiona hasa alianza siku alipokwenda kumpokea mama yake.

Alikuwa mtu wa Mlola. Asiyepajua Mlola na apande gari Lushoto, apite msitu wa Magamba ambamo ukungu huweza kukaa hata jua likapanda, kisha afuate barabara inayozunguka vilima kimoja baada ya kingine mpaka asahau upande aliotoka. Huko mashamba yamepandishwa kwenye miteremko kama nguo zilizoanikwa: hapa mahindi na maharage, pale migomba, kule kabichi na viazi. Miguu ya watu wake ina nguvu, maana ni vigumu kwenda kwa jirani pasipo kupanda au kushuka.

Baba yake alikuwa mkulima, na mwaka aliozaliwa mtoto huyu alipanda mikaratusi katika kipande cha ardhi ambacho mahindi yalikikataa. Miti na mtoto wakakua pamoja. Kijana alipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusoma elimu ya misitu, ada yake ililipwa na wafadhili, lakini nauli, nguo za baridi na mahitaji mengine mengi yalikuwa juu ya wazazi. Mzee akaita wenye misumeno. Siku tatu mikaratusi ikaanguka, na siku ya nne mbao zikapakiwa garini. Hivyo mtu akaenda kujifunza kutunza misitu kwa fedha ya miti iliyokatwa. Mzee mwenyewe aliliona jambo hilo akacheka sana, akasema kuwa atamdai mwanawe mche kwa kila mti.

Göttingen ni mji wa chuo. Chuo Kikuu chake kilifunguliwa mwaka 1737, na shule ya misitu ilihamia hapo mwaka 1970 kutoka mji mdogo wa Münden, ulio jirani, ambako ilianzishwa mwaka 1868. Mji mkongwe umezungukwa na boma la udongo lililokuwa la vita. Leo ni njia ya kutembea kwa miguu chini ya miti mikubwa, na vita vilivyobaki juu yake ni vya mbwa na mbwa. Mbele ya ukumbi wa zamani wa baraza la mji iko sanamu ya msichana mwenye mabata bukini, iliyowekwa mwaka 1901, na kila apataye shahada ya udaktari hupanda kuibusu. Kijana aliposimulia habari hiyo katika simu, baba yake aliuliza kama msichana huyo hana ndugu wa kiume.

Jumamosi na Jumapili alikuwa akitembelea miji. Mwanafunzi huko hulipia tikiti ya garimoshi pamoja na ada yake, na baada ya hapo huweza kuzunguka jimbo zima bila ya kutoa senti. Alikwenda Münden, akaenda Goslar, akaenda Hildesheim. Alipiga picha za makanisa, madaraja na saa kubwa za minarani, akazipeleka nyumbani, na nyumbani wakajibu kuwa ni nzuri. Mtu atembeapo peke yake katika mji wa ugenini huona mengi, lakini hana wa kumwambia, “Tazama!” na jambo lisilokuwa na wa kuambiwa halikai moyoni sana.

Katika maktaba alikutana na kitabu cha Kiswahili, Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kupigwa chapa mumo humo Göttingen mwaka 1901. Ndani yake Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya nchi ya Warusi na Siberia, aliyokwenda mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani. Kijana alikuwa amepata kusikia pia habari za Martin Kayamba, mtu wa Bonde, aliyekwenda Uingereza mwaka 1931 na kurudi akaandika kitabu cha aliyoyaona. Kumbe njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa zamani! Alisoma akafurahi, kisha akaona haya kidogo, kwa kuwa msafiri huwasimulia watu wa kwao theluji na majumba, lakini mengine huyatia mfukoni.

Naye alikuwa na yake mfukoni. Hakuwaambia kuwa usiku tatu kila juma alikuwa akiosha vyombo katika jiko la hoteli. Hakuwaambia kuwa mwaka wa kwanza alianguka mtihani mmoja. Na baada ya Januari ile lilikuwapo neno moja zaidi, ambalo hakumwambia mtu yeyote.

Januari hiyo, saa tatu za usiku, simu ililia. Mzee alikuwa amefariki. Kwa desturi ya Waislamu maiti haiwekwi, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuzikwa. Hata angekuwa na mbawa kijana asingaliwahi, na hilo kila mtu alilijua. Hapana aliyemlaumu kwa mazishi. Lakini ilikuwapo arobaini. Fedha aliyokuwa ameiweka ilitosha kwenda, haikutosha kurudi, na siku ya arobaini iliangukia siku ileile ya mtihani aliokuwa akiurudia. Alikaa katika mtihani. Akafaulu. Fedha ya rambirambi nayo hakupeleka; siku zile hakuwa na kitu, na alipopata alishikwa na haya, kwa maana rambirambi iliyochelewa ni kama maji yanayoletwa nyumba ikiwa imekwisha kuwa majivu. Kila alipozungumza na mama yake, mama alisema, “Haya, baba, soma.” Akasoma.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, mama yake na mdogo wake wa kike walikuja kumtazama. Yeye alikuwa ameweka akiba miezi kumi na minne, na dada huyo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliongeza zake. Habari za visa ziachwe. Wanaozijua wanazijua, na wasiozijua Mungu awaepushe nazo.

Alikuwa amejitayarisha kwa maneno mengi katika uwanja wa ndege wa Frankfurt. Mama akatoka mlangoni amejifunga kanga juu ya sweta, kikapu mkononi, akitembea polepole kama mtu anayepima ardhi kabla ya kulima. Hakumwambia kuwa amekonda. Alizishika ngozi za viganja vyake, zilizokuwa zimepasuka kwa maji ya moto na sabuni, akazigeuza, akazigeuza tena.

“Mikono hii si ya kalamu,” alisema.

Siri ya miaka miwili ilidumu dakika moja.

Walipanda garimoshi, ambalo siku hizi halina moshi lakini jina lake halijastaafu. Mama alikaa dirishani. Alimwuliza mwanawe kama Wajerumani hawa ndio waliojenga reli ya Tanga, naye akajibu kuwa ndio: ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mama akatikisa kichwa. “Babu yangu alibeba mataruma ya ile,” alisema. “Ya hii sikuambiwa nani aliyabeba.” Kisha akalala, na garimoshi likakimbia na usingizi wake mpaka Göttingen.

Chumba cha kijana kilikuwa kimoja, na usiku huo alilala sakafuni. Alfajiri mama aliuliza kibla. Nyumbani Mlola mtu huelekea kaskazini, maana Makka iko karibu juu yake kabisa. Mwanawe akamwonyesha kuwa hapa huelekea kusini mashariki. Mama akafikiri, akauliza, “Na kwetu ni wapi?” Akaonyeshwa: kusini mashariki vilevile, mkono wa kulia kidogo. Akatandika mkeka wake akaswali. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na alionekana kuridhika kuwa katika nchi hii ya kigeni angalau jambo hilo lilikuwa limepangwa vizuri.

Wa kwanza katika miji waliyokwenda ilikuwa Münden. Hapo mto Fulda na mto Werra hukutana, yote miwili ikapoteza majina yake, na maji yanayotoka hapo huitwa Weser mpaka baharini. Kijana alikuwa amewaleta waone makutano hayo, kwa sababu vitabu vyote huyasifu. Mama aliyatazama kwa adabu. Lakini walipokuwa wakirudi kwa njia ya mjini alisimama mbele ya nyumba moja ya kale, akaweka kiganja chake juu ya ukuta, akakiacha hapo muda mrefu hata mwenye duka la jirani akatoka kutazama.

Mji wa Münden una mamia ya nyumba za namna hiyo: viunzi vya mbao vilivyosimamishwa na kulazwa na kukingamishwa, na katikati yake pamejazwa. Zimepakwa rangi, na nyingi zimechongwa mwaka wa kujengwa juu ya mlango. Kijana alikuwa amezipiga picha zisizo na hesabu. Mama akauliza katikati ya mbao mna nini. Mwanawe akasema kuwa zamani walikuwa wakisuka fito na kuzikandika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu.

“Basi hii ni nyumba ya mama yangu!” alisema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nguzo, fito, udongo: nyumba ya Usambara, iliyoongezwa ghorofa mbili. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kuwa kule kwao watu wanazibomoa kwa haya ili waonekane wana matofali, na huku watu wanapanda magari kutoka mbali kuja kuzipiga picha. Mwalimu akataka kujua kwa nini za huku zimedumu miaka mia nne na za kwao hazimalizi arobaini. Kijana, ambaye alikuwa msomi wa miti, akajibu kuwa ni mti wenyewe, mwaloni, na msingi wa mawe unaozuia maji, na paa lenye mapana. Akaeleza habari za mchwa pia. Akaeleza vizuri sana. Lakini alipokuwa akieleza alikuwa anajiuliza ilikuwaje apite mbele ya kuta hizi miaka miwili, yeye aliyezaliwa ndani ya fito na udongo, asiitambue nyumba ya bibi yake. Labda ni kwa sababu alizitazama kama Ulaya. Mama yake alizitazama kama nyumba.

Hamburg walikwenda siku moja tu. Ni bandari kubwa, na huko ndiko ilikoanzishwa mwaka 1890 ile kampuni ya meli iliyokuwa ikifika Tanga na Dar es Salaam. Mwalimu alifurahi sana. Mama aliumwa na miguu, na upepo wa mtoni ulikuwa mbaya. Paris, mji ambao mwalimu alikuwa ameutamani tangu Mlola, hawakufika, kwa kuwa fedha ilikataa. Na jambo hilo linatajwa mpaka leo.

Ilikuwa baada ya Hamburg kwamba mama aliliona ua. Walikuwa wamekwenda kununua mchele katika duka kubwa karibu na chumba cha kijana. Mama husoma polepole, kwa kidole, naye alikuwa akipita kati ya rafu bila kusoma chochote, kwa maana maneno yote yalikuwa marefu na hayana nafasi ya kupumulia. Ghafula akasimama. Karibu na sabuni za kufulia palikuwa na vyungu vidogo vya plastiki vyenye maua ya rangi ya zambarau, majani yake manene yenye vinyweleo, na katika kila chungu kimechomekwa kikaratasi: Usambaraveilchen. Mama akaweka kidole juu ya herufi. “U-sa-mba-ra,” alisoma. Akageuka. “Nani ameandika jina la kwetu hapa?”

Kijana alikuwa akiijua habari hiyo, maana hapana mwanafunzi wa mimea kutoka Tanga anayeweza kuikwepa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona ua hilo likiota mwambani kivulini, akalipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Baba naye akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Na Wendland mwaka 1893 akaliandika katika elimu kwa jina la Saintpaulia. Mwaka uleule lilionyeshwa Ghent katika nchi ya Ubelgiji, na nyumba ya mbegu ya Benary katika mji wa Erfurt ikaanza kuliuza. Tangu hapo limekaa katika madirisha ya Wazungu, hasa ya wazee. Miaka ya karibuni, tangu 2015, wataalamu wamelihamishia katika jamii nyingine ya mimea, na Saint Paul akapunguziwa cheo. Lakini wauza maua wa Kijerumani hawakujali, wakaendelea kuliita urujuani wa Usambara. Jina la bwana limetikisika, jina la milima limebaki.

Mama alisikiliza yote. “Mimi nalijua,” alisema. “Huota mwambani panapochuruzika maji. Hatujapata kulitazama mara mbili.” Kijana akasema kuwa huko Shume na kwingineko bado liko, lakini linataka kivuli na unyevu, na msitu ukifyekwa hufa. Mama hakujibu neno. Alikuwa anafikiria mwamba fulani, yamkini, na miti iliyokuwa juu yake.

Kesho yake walikwenda Hannover, kwa kuwa mwalimu alitaka kupaona mahali ua lilipopewa jina. Bustani za Herrenhausen ni pana, zimekatwa kwa kamba na kwa ukali, kila mti umefundishwa kusimama. Jumba la wafalme liliteketezwa kwa mabomu mwaka 1943 likajengwa upya, na likafunguliwa mwaka 2013. Walitembea mpaka wakachoka, wakakaa kwenye benchi chini ya miti. Hapo ndipo mwalimu alipotoa daftari.

Lilikuwa daftari la shule, jalada la buluu, pembe zimekunjika. Mama alipoliona alisema kwa Kishambaa neno la kumkanya. Mwalimu hakukanyika. Alimpa kaka yake.

Msomaji wa pwani au wa bara hahitaji kuelezwa daftari la matanga. Watu wakija kuzika, mtu mmoja mwenye mwandiko hukaa mlangoni na kuandika nani ametoa nini, na baadaye majina husomwa mbele ya watu. Kijana akafungua. Yote yalikuwamo: debe la mahindi, mkungu wa ndizi, sukari kilo mbili, mzigo wa kuni, shilingi elfu tano, shilingi elfu mbili. Aliwaona majirani wote wa Mlola wakipita kwenye mistari. Na juu kabisa, mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, lilikuwa jina lake. Mbele yake pameandikwa: shilingi laki moja.

“Sikupeleka,” alisema.

“Tunajua,” alisema mwalimu. “Mama alitoa fedha ya mbegu za viazi. Msimu ule tulipanda nusu.”

Laki moja haikufika euro hamsini. Kwa kuosha vyombo ilikuwa kazi ya usiku mmoja. Kijana alipiga hesabu hiyo bila ya kutaka, na hesabu ilipotoka hakuweza kuinua uso. Mama alikuwa akitazama chemchemi ya maji inayoruka juu kule mbele, kana kwamba mazungumzo yalikuwa ya watu wengine. Baadaye akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei:

“Majina yalikuwa yanasomwa. Jina lako lingekosekana, baba yako angezikwa kama mtu asiyekuwa na mwana.”

“Jina langu mimi limo ukurasa wa nne,” alisema mwalimu. “Nami ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani.”

Neno hilo lilikuwa limekaa ndani yake mwaka mzima na zaidi, na lilitoka bila ya kelele. Mama akamtazama binti yake. Kijana akafungua ukurasa wa nne; jina lilikuwapo, katikati ya wengine, na shilingi elfu thelathini, mshahara wa mwalimu ukiwa ni ule unaojulikana. Kwa neno hili hapana mtu aliyepata jibu, wala halijapatikana. Wengine husema kuwa ndiyo desturi. Desturi inaweza kueleza mstari wa kwanza. Ukurasa wa nne haiuelezi.

Kijana akatoa pochi yake, akampa mama noti ya euro hamsini. Alitazamia kuwa mama atakataa, na kwamba yeye atasihi, na kwamba watalia. Mama alipokea. Alimwambia mwalimu apige hesabu katika simu yake laki moja ni euro ngapi kwa siku ile. Alipotajiwa, akafungua pindo la kanga, akahesabu chenji, akamrudishia mwanawe mpaka sarafu ya mwisho. Noti akaifunga pindoni.

“Sasa ni kweli,” alisema. “Haya, twendeni tukale.”

Asubuhi ya siku ya kuondoka mama alikwenda peke yake kwenye lile duka. Alirudi na chungu kimoja chenye maua na mfuko wa karatasi. Alikuwa amekusudia kukichukua mpaka Mlola, akiweke barazani, watu waje waone ua la mwambani lililokwenda Ulaya likarudi limevaa karatasi. Mwanawe ikambidi amweleze kuwa mmea hauingizwi nchini hivihivi. Unataka cheti cha wakaguzi kuwa hauna maradhi, na cheti hicho hakipatikani kwa asubuhi moja. Mama alifikiri kuwa anataniwa. Alipoona kuwa si utani alikaa kitandani na chungu magotini.

“Lilipokuwa linatoka kwetu liliombewa cheti?” aliuliza.

Kijana akasema kuwa miaka ile mambo yalikuwa mengine. Mama akasema kuwa hilo hata yeye analiona. Akasimama, akaweka chungu dirishani, akakigeuza mara mbili mpaka upande wenye maua ukaelekea ndani.

Daftari aliliacha pia. Hakusema kuwa ameliacha. Lilionekana jioni chini ya mto, na mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza ulikuwa umetiwa alama ndogo ya vema kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu anavyosahihisha. Alama hiyo haikuwa ya mkono wa mama.

Juma la kwanza kijana alilimwagilia ua kwa juu, na majani yakaota madoa meupe. Bibi mmoja mzee wa Kijerumani, jirani yake, aliyekuwa na maua hayo sita katika dirisha lake, alimkuta akihangaika. Akamfundisha kuwa majani yasiguswe na maji, chungu kiwekwe juu ya kisahani, maji yatiwe kisahanini, mzizi unywe wenyewe kwa kadiri yake. Akamwuliza kama ameanza lini kupenda maua haya. Kijana akamwambia kuwa yeye ni mtu wa Usambara. Bibi huyo alidhani kuwa hakusikia vizuri. Alikuwa amelitamka jina hilo maisha yake yote, na hakuwa amepata kufikiri kuwa ni mahali, na kuwa mtu anaweza kutoka huko.

Siku hizi simu ya kutoka Mlola huja Ijumaa baada ya swala. Sauti huenda na kurudi, maana mama hupanda kilimani kutafuta mtandao, na upepo huingia katika maneno. Zamani swali la kwanza lilikuwa la masomo.

“Limechanua?”

“Bado, Mama. Lina vichomozo viwili.”

Akamsikia akigeuka upande, akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye kuwa vichomozo ni viwili.

“Mdogo wako anauliza,” alisema mama, “miche ya baba utaanza kuipanda lini.”

Kijana akauliza ni mingapi.

“Ngoja,” alisema mama, “anahesabu visiki.”